Kadibodi Chini ya Gari la Chanjo

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuendesha magari ya zahanati yetu, dereva wetu mkuu anastaafu tarehe 30 Juni. Kwenye orodha ya watumishi ana majina yake matatu kamili, lakini ukimwita kwa hayo huchelewa kuitika. Sisi tunamwita Mzee Kadibodi.

Alianza na pikapu ya kubebea dawa, ambayo mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba. Baadaye akakabidhiwa lile gari jeupe la gia otomatiki linalopeleka chanjo kwenye vituo vya pembezoni, na hajaachana nalo tena. Redio yake haijawahi kuwashwa, kwa maelezo kwamba inafunika sauti ya gari. Wauguzi waliosafiri naye wanajua masharti: kwenye tambarare pigeni soga mtakavyo, kwenye mlima nyamazeni, mzee anaisikiliza gia.

Jina lilitokana na utaratibu wake. Kila jioni akishaegesha, hutandika kipande cha kadibodi chini ya gari. Asubuhi, kabla hajagusa chai, huinama na kukisoma. Doa jeusi ni oili ya injini, jekundu ni ya giaboksi, la manjano lenye utelezi ni la breki, na mahali doa lilipo panamwambia pa kuanzia. Mtunza ghala aliwahi kulalamika kwamba maboksi ya glavu yanapotea kabla ya glavu kwisha. Hakuhitaji kufanya uchunguzi mrefu.

Tukio ambalo wengi tutamkumbuka kwalo ni la mwaka juzi. Gari la chanjo lilianza kusitasita kila lilipobadili gia, na kila asubuhi kadibodi ilikuwa na doa jekundu lenye upana wa sahani. Gereji iliyolikagua ikatoa jibu kwamba giaboksi imekufa. Mganga mfawidhi, baada ya kushauriana na mhasibu, aliamua lipigwe mnada na safari za chanjo zisimame hadi lipatikane jingine. Lingepatikana lini, hakuna aliyeweza kusema. Mzee Kadibodi akaomba akae nalo nyumbani Jumamosi na Jumapili. Alikubaliwa kwa sharti moja: Jumatatu asubuhi doa likionekana, funguo ziwekwe mezani.

Uani kwake hakukimbilia spana. Aliosha kwanza tumbo lote la gari kwa maji ya sabuni, akalikausha kwa matambara. Kwenye uchafu wa miaka kila kitu huonekana kinavuja. Kwenye chuma safi tone halina pa kujificha. Akawasha injini, akapitisha gia moja baada ya nyingine mguu ukiwa kwenye breki, akazima. Alizuia magurudumu kwa matofali, akaliinua gari na kulikalisha juu ya stendi, kwa sababu halali chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Kisha akalala chali na tochi. Oili ilikuwa ikitokea kwenye ukingo wa sampu, lile bakuli la bati lililo chini ya giaboksi. Gasketi yake, ule utepe laini unaoziba maungio, ilikuwa imekauka na kupasuka kama kisigino. Giaboksi haikuwa imekufa. Ilikuwa na kiu.

Akamwaga oili iliyobaki kwenye beseni ambalo mkewe hakuwa ameombwa. Akabadilisha chujio, akafuta unga wa chuma kwenye sumaku ya sampu, akakwangua mabaki ya gasketi hadi bati likang'aa, akapachika mpya. Hapo ndipo alipoteleza. Kwa hofu ya Jumatatu alikaza boliti kwa nguvu zake zote, moja hadi mwisho, ndipo ya pili, akizunguka kuanzia upande mmoja. Kisha akajaza oili mpya. Jumapili asubuhi kadibodi ilikuwa na doa. Dogo, lakini jekundu.

Mkewe ni fundi cherehani. Alikuja kudai beseni, akamkuta mumewe ameketi juu ya tofali, naye akainama kuangalia. Gasketi ilikuwa imetokeza upande mmoja kama ulimi. Mzee mwenyewe hutusimulia kwamba aliambiwa, "Baba watoto, hapa umevuta kitambaa upande mmoja. Mimi nikishona hivi, mteja ananirudishia gauni." Alipojibu kwamba chuma si kitambaa, mama akasema, "Haya, basi kiambie kisivuje."

Bahati nzuri alikuwa amenunua gasketi mbili, maana haiamini sana mikono yake. Akaikinga oili mpya kwenye ndoo safi, safari hii baada ya kuomba. Akanyoosha kwa nyundo ndogo ukingo wa sampu uliobonyea, akapachika gasketi ya pili na kuanza kukaza boliti upya. Mama akashika tochi na kuelekeza: hapa kidogo, ng'ambo kidogo, rudi hapa, vilevile anavyobana pindo kwa pini kabla ya kushona. Oili ikarudishwa, injini ikapata moto, kijiti cha kupimia oili kikaonyesha kiasi sawasawa, na jioni ile gari likarudi kulala uwanjani kwa zahanati juu ya kadibodi mpya.

Jumatatu mganga mfawidhi alikuja mwenyewe uwanjani. Wauguzi walikuwa wamesimama na masanduku ya baridi mikononi, maana hakuna aliyejua kama wayapakie au wayarudishe ndani. Mzee akaivuta kadibodi. Ilikuwa kavu. Mganga mfawidhi aliigeuza akatazama na upande wa pili, kisha akasema, "Nendeni, jua linapanda." Tangu siku hiyo hakuna safari ya chanjo iliyokwama kwa sababu ya gari hilo, na hapa uwanjani kukaza boliti kwa zamu tunaita kukaza kishonaji.

Hatusemi kwamba hana kasoro. Tochi ya mtu ikiingia mkononi mwake, mwenye nayo anunue nyingine.

Wiki iliyopita alimkabidhi gari dada anayechukua nafasi yake. Asubuhi ya kwanza kadibodi ilikuwa na tone. Sote tulitazama. Mzee alisimama kando, mikono nyuma, wala hakuinama. Yule dada akaligusa tone, akalisugua kati ya vidole, akanusa. "Maji ya kiyoyozi haya, mzee," akasema. Mzee Kadibodi akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake kunywa chai.

Mzee wetu, ahsante kwa kutufikisha na kuturudisha. Mama, ahsante kwa jicho lako. Beseni jipya limo kwenye zawadi, na ni lako peke yako. Tunawaombea afya njema, usingizi mzuri wa asubuhi, na uwanja mkavu.