Kila Nilipoirudisha Kahawa, Asali Ilipotea

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa vikundi vyote vinavyouza pamoja, nashukuru kwa kunipa nafasi nisimame. Simtaji mtu kwa jina leo. Wa kusemwa ni mimi.

Duka letu la mtandaoni mnalijua. Mlinikabidhi kwa sababu nilisoma kompyuta kidogo Songea. Ninyi mlisikia "kompyuta". Lile "kidogo" halikuwafikia, nami sikulirudia.

Mwanzoni tulikuwa na kahawa ya Mpepai na asali ya Liparamba tu, za ujazo mbalimbali. Nikataka ukurasa wa mbele upendeze. Sasa sikilizeni: ukurasa wenyewe hauna bidhaa. Ndani ya kiolezo chake, yaani maandishi yanayoupanga, kuna mstari unaotuma ombi, kupitia mlango unaoitwa API, kwenye kompyuta inayotunza bidhaa zetu. Kinacholetwa ndicho mteja anachokiona. Mimi nilikuta mstari wa mtu mtandaoni, nikaunakili, nikaubandika bila kuusoma. Ukurasa ukang'aa, mkanipigia makofi.

Kisha kina mama wa Chiwanda, kule ziwani, wakaleta usipa, wale dagaa wadogo, na samaki wakavu, aina saba. Nikaziingiza. Siku hiyohiyo kahawa ya Mpepai ikatoweka dukani.

Ndugu zangu, nawaambia, nilichanganyikiwa. Kwenye orodha yangu ya ndani kahawa ipo, na picha yake ipo. Dukani haipo. Nikaifuta, nikaiingiza upya, ikaonekana. Nikashusha pumzi. Asubuhi simu ikaita kutoka Liparamba: "Dada, asali yetu umeiweka wapi?" Nikairudisha asali, samaki wakatoweka. Kila nilichokirudisha kilimfukuza mwenzake. Nikahisi kuna mtu anaingia kwa nywila yangu. Nikaibadilisha mara tatu, mwisho nikaisahau mwenyewe.

Mlipouliza nilisema, "Mtandao unasumbua." Nilidanganya. Mtandao ulikuwa mzima. Mimi ndiye sikuelewa, na niliona aibu.

Maneno yakaanza, kwamba napendelea watu wa ziwani kwa kuwa mama yangu ni Mnyasa. Mzee mmoja wa Mpepai akaja nyumbani. Nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama. "Binti yangu, kahawa ile tumeipalilia kwa mikono yetu. Kama hutaki kuiuza, sema." Wana kikundi chake wakaiondoa kahawa yao yote kwenye chumba chetu cha kuhifadhia.

Nikaamua kuacha kazi hii. Nikashuka Chiwanda kuwaaga kina mama. Nilimkuta mmoja wao anageuza usipa kwenye chanja ya kuanikia. Nikamwambia nimeshindwa, hata kosa lenyewe silijui liko wapi.

Akaniuliza, "Hicho ulichokiandika kinasemaje?"

"Ni Kiingereza cha kompyuta, mama."

"Basi nisomee kwa Kiswahili."

Nikatoa simu, nikasoma neno kwa neno, kwa mara ya kwanza tangu niubandike: "Niletee bidhaa kumi na mbili, zilizoingia karibuni zitangulie."

Akaacha kugeuza. "Kumi na mbili. Na sisi wote tuna ngapi?"

"Kumi na tisa. Kahawa na asali kumi na mbili, na saba zenu."

Nikakaa chini palepale mchangani. Hapakuwa na mwizi wala hitilafu. Mstari ulitii nilichouagiza: kila kipya kilikaa mbele, kilichotangulia kikasukumwa nje.

Nikaliandika ombi upya, lilete kumi na mbili, kisha zinazofuata, mpaka ziishe. Nikakosea mara mbili, ya tatu likakubali. Nikapanda Mpepai, nikaeleza yote mbele ya kikundi, na ule uongo pia. Yule mzee akasema, "Njoo uchukue kahawa." Si wote walioirudisha. Siwalaumu.

Nawashukuru watu wa Mpepai kwa kunisikiliza. Nawashukuru watu wa Liparamba, mliopiga simu badala ya kunung'unika pembeni. Na wewe, mama wa Chiwanda uliyeniambia nisome, asante. Hukujua kompyuta, ila hukuona haya kuuliza.

Ndani ya duka lile bado kuna mistari nisiyoielewa. Nimeiandika kwenye karatasi, nimeibandika kwenye mlango wa chumba cha kuhifadhia, kila mtu aione. Kilichotutenganisha si kutokujua kwangu, ni kuficha kwamba sijui. Neno lenyewe ni fupi, na limenichukua muda mrefu kulitamka mbele ya watu: sielewi.