Zamu Yangu ya Kulimiwa

Wakubwa, shikamooni. Wadogo, nawasalimu. Mniwie radhi nikisema nimekaa. Magoti haya yaliishia kwenye mkonge.

Hata asiyenijua, akiuona uso huu wenye nembo za kuchanjwa na mdomo wenye tundu la ndonya, lile pambo la mdomo wa juu, ashajua mimi ni Mmakonde, tena wa ng'ambo ya mto Ruvuma. Tulikuja na marehemu mume wangu kukata mkonge huko Kilifi. Hatukuulizwa kipande, hiki kitambulisho cha serikali. Tuliulizwa kama tuna nguvu.

Mume wangu alipofariki, nyumba tuliyopewa na shamba la mkonge ikatakiwa na wenyewe. Bibi mmoja wa hapa Ganda akanipa mahali pa kujenga na pa kulima. Nikaingia kikundi cha akina mama wanaolimiana: wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Mimi mgeni, zamu yangu ikawa ya mwisho.

Basi, ndugu zangu, chifu akaita baraza: wasio na vipande warudishwe kwao. Nirudi wapi? Kwetu ni vita, na wanangu wamezaliwa hapa.

Barazani baba mmoja akasimama. "Hawa wanakubali ujira wowote, wanetu wanakaa bure. Watoto wao wanakunywa maziwa ya serikali, haya ya Nyayo, shuleni pamoja na wetu. Waende!"

Watu wakapiga makofi. Niliumia, lakini hakusema uongo. Mwanawe aliachishwa kazi kweli, akawekwa mtu wa kwetu kwa ujira mdogo.

Chifu akaniita mbele. Nikasogea. Ndipo yule bibi akainuka.

"Chifu, huyu ametulimia sote, na zamu yake haijafika. Ukimwondoa leo, umetufanya wezi."

"Mama, sheria ni sheria."

"Na jasho je? Hapa mtu haondoki akiwa anadai jembe."

Akina mama wote wakasimama naye. Chifu akajipangusa uso. Naye alikuwa amechoka. Akasema nikae hadi nilimiwe, tutazungumza baada ya mavuno.

Wakanilimia. Msimu uliofuata nami nikawalimia, na zamu yangu wakaiweka mwisho tena, makusudi. Hivyo hivyo hadi leo!

Mnacheka, lakini kipande sina. Nikienda ofisini, naambiwa njoo kesho. Inachosha, jamani, kuomba ukaazi kila mavuno.

Bibi yangu, Mungu akuzidishie. Akina mama, asanteni. Nawe baba uliyesema niende, nakuona hapo nyuma, sina kinyongo. Mwanao alikosa kazi, mimi nimekosa kwetu. Mwajiri aliyefaidi ujira ule mdogo hajaitwa kwenye baraza lolote.

Na wewe mwenzangu usiye na kipande, usijifungie ndani. Lima na watu, wakujue. Mimi nikifa kabla sijaandikiwa kipande, msinirudishe popote. Nizikeni hapa Ganda.