Kaka Yetu Hakuugua kwa Muda Mfupi

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni dada mdogo wa marehemu, na ninasoma wasifu wake kwa niaba ya familia.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1968 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, kwani baba yetu alikuwa fundi wa mataruma, yale magogo yanayobeba reli. Alikuwa kifungua mimba wa mama, na tangu utoto alikuwa mwepesi wa hasira. Wasifu mwingi husema marehemu hakuwahi kugombana na mtu. Kaka aligombana. Muuza duka aliyepunja mizani alimjua, na mwalimu aliyechapa asiyehusika alimjua.

Alimaliza sekondari mwaka 1986, akasomea umeme wa viwandani katika chuo cha ufundi, na mwaka 1991 akaajiriwa kwenye mtambo wa kusafisha maji ya mji. Hakuhama tena. Wenzake walimwita Fyuzi, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mwaka 1995 alimwoa wifi yetu, fundi cherehani. Kabla ya hapo alikuwa akienda kumtengenezea cherehani yake karibu kila wiki. Wifi hucheka akisimulia: "Cherehani ilikuwa nzima. Mimi nilikuwa nampenda tu akifungua skrubu."

Sasa niseme habari ya kazi yake, kwa sababu ndiyo iliyotuleta hapa.

Pampu za mtambo ule huongozwa na vidhibiti, yaani visanduku vilivyo ukutani vyenye programu inayoziambia lini ziwake na lini zizime. Ni vikongwe kuliko ajira ya kaka. Programu hushikiliwa na betri ndogo; betri ikifa na umeme ukikatika, kidhibiti husahau kila kitu. Kila ilipotokea hivyo, kaka alichomeka waya kwenye kompyuta kuukuu iliyoelewana na visanduku vile, akapakia programu upya. Aliomba vidhibiti vipya, akaambiwa asubiri. Akaomba basi betri tu, akaambiwa hivyo hivyo, subira yavuta heri. Akawajibu, "Hii yenu itavuta jeneza."

Zamani kidogo gesi ya klorini, ile dawa ya maji, iliwahi kuvuja. Kaka akaongeza kizuizi kwenye programu: gesi ikinuswa tu na kifaa cha king'ora, klorini ijifunge yenyewe. Nakala yenye kizuizi hicho ilikuwa ndani ya ile kompyuta. Mwaka jana, kaka akiwa likizo, meneja mpya aliamuru ofisi isafishwe, na kompyuta ikaondoka na vyuma chakavu. Aliporudi alifoka mpaka akapewa onyo.

Tarehe 11 Mei mwaka huu umeme ulikatika na vidhibiti vikasahau kila kitu. Iliazimwa kompyuta, ikapatikana nakala ya kwanza kabisa kutoka kwa waliousimika mtambo. Kaka aliipakia, kisha akamwambia meneja, "Klorini msiwashe. Nakala hii haina kizuizi. Nipeni mpaka jioni nikiandike."

"Maji bila dawa hayatoki, na mji mzima unanipigia simu. Washa."

"Mimi siwashi."

Meneja akawasha mwenyewe.

Kiungo cha bomba la gesi kiliachia. King'ora kililia, lakini klorini haikujifunga, kwani programu ile haikuambiwa ijifunge. Ndani ya chumba cha klorini alikuwamo mwendesha mitambo. Vinyago vya kujikinga na gesi vilikuwa vimefungiwa stoo. Kaka aliingia na shati lililolowa usoni, akafunga valvu kwa mkono, akamburuta mwenzake mpaka nje. Mwendesha mitambo huyo ndiye aliyetusimulia maneno haya, na yuko tayari kuyarudia popote atakapoitwa.

Mapafu ya kaka yaliungua. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Mtu aliyegomba maisha yake yote akawa hawezi kumaliza sentensi. Nilimwona akimkazia macho mgeni aliyemwambia ni mipango ya Mungu, akitafuta pumzi ya kumjibu, asiipate. Alifariki mchana wa tarehe 19 Agosti, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Juzi meneja alikuja nyumbani kutoa pole. Akasema, "Kwenye wasifu someni tu kwamba aliugua kwa muda mfupi. Ile ilikuwa hitilafu ya mitambo. Tusichafuane."

Wifi akamwambia, "Baba, chai yako inapoa. Kunywa uende."

Kwa hiyo tunasoma kilichotokea. Haikuwa hitilafu. Mitambo ilifanya kile ilichopakiwa, na aliyeiwasha alikuwa ameonywa. Amekaa safu ya pili, na tunamshukuru kwa kufika ili asikie kwa masikio yake. Nakala ile isiyo na kizuizi ndiyo inayoendesha klorini hata sasa tunapozika, na aliyeko zamu ni mtoto wa mtu.

Marehemu ameacha mama mzazi, mjane, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, mjukuu, na sisi wadogo zake watatu. Kaka, wewe pumzika kwa amani, umechoka. Sisi hatupumziki mpaka visanduku vile ving'olewe ukutani.