Mtoto Aliyelikataa Ziwa

Shikamooni wakubwa wetu. Wenzangu wa rika langu, habari za mchana. Mwenyekiti aliniomba nisimame nieleze nilivyovuka, nikamjibu kwamba sina hakika kama nimevuka. Akasema basi eleza ulipofikia. Hilo naliweza.

Mnanifahamu kama yule anayeuliza maswali. Siku ya kwanza nilipokuja kwenye kikundi hiki cha wafiwa, niliuliza kama kusimulia huzuni kunaipunguza au kunaizungusha tu. Bado sijapata jibu. Leo nitasimulia hivyo hivyo.

Mke wangu alifariki binti yetu akiwa na miaka mitatu. Tulikuwa tunaishi hapahapa Sumbawanga. Mwaka uliofuata nikahamishiwa Kirando, kule chini ziwani, kufundisha fizikia. Mama mkwe wangu, aliyeko Kaengesa, alitaka nimwachie mjukuu wake. Nikakataa. Nilimwambia mtoto ana baba. Ukweli ni kwamba niliogopa kurudi jioni kwenye nyumba isiyo na mtu.

Ninyi ni watu wa huku juu, mtanielewa. Mtoto wa Sumbawanga anayajua maji ya moto kwenye beseni. Anaogeshwa haraka mlango umefungwa, anazungushiwa kitenge kabla baridi haijamkuta. Maji kwake ni kitu kidogo chenye joto na ukingo. Tulipofika Kirando, binti yangu alilitazama lile ziwa, halafu akaniuliza, "Baba, nani ameyamwaga?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nyumba niliyopata haikuwa na bomba, na majirani wote walioga ziwani. Kuna utaratibu pale ambao hakuna aliyeuandika. Wanawake wana upande wao wa kuogea, wanaume wana wao, na katikati kuna mawe. Watoto wadogo huenda na mama zao. Sasa mimi nina mtoto wa kike wa miaka minne, na mama hana. Upande wa wanawake siwezi kukanyaga. Upande wa wanaume vijana wanaruka kutoka kwenye mitumbwi, na matusi yanaruka pamoja nao. Kwa hiyo tulikwenda kwenye mawe, mimi na yeye, kila saa kumi jioni. Kulia tunasikia wanawake wanacheka, kushoto wanaume. Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kuwa mpweke vile, hata siku ya mazishi. Siku ya mazishi watu walikuwepo.

Mtoto alikataa hata kulowesha vidole. Nikawa nachota ndoo na kumpashia maji nyumbani. Lakini watoto wa umri wake walishinda majini, na yeye alishinda mlangoni peke yake. Siku moja bibi yake alimuuliza kwenye simu kama ana marafiki. Akajibu, "Nina baba." Mama mkwe akaomba kuongea na mimi. "Mwanangu," alisema, "huyo mtoto anakaa na wewe kama mjane mwenzako. Likizo ikifika namfuata."

Nikaamua kulimaliza jambo hili kwa akili. Nilimwonyesha limau linavyoelea kwenye beseni, nikamweleza kwamba na mwili wa mtu ni hivyo. Akakubali, maana ni mtoto anayekubali hoja. Akauliza tu kama sitamwacha. Nikasema sitamwacha. Tukashuka kwenye mawe, maji yakanifika kiunoni, nikamlaza juu ya mikono yangu. Alitetemeka, lakini alilala. Nami, kama mtu aliye maabara, nikajiambia akiona mwenyewe kwamba anaelea, hofu itakwisha. Nikaondoa mikono.

Akazama. Sekunde tatu, labda nne. Nilipomtoa alikohoa maji, hakulia. Alinitazama tu.

Tangu siku hiyo alikataa hata beseni. Nilimpangusa kwa kitambaa kama mgonjwa. Kibaya zaidi, aliacha kuniuliza maswali. Tulikula ugali wetu kimya, watu wawili wa nyumba moja ambao hawana la kusemezana.

Kuna mama jirani anayeanika dagaa karibu na mawe yale. Alikuwa ameona. Alinikuta mlangoni, ungo mkononi, akaniambia pale kwenye mawe haogi mtu, chini panakatika ghafla. Nikaanza kumweleza nilivyopima kina. Akanikatiza.

"Mwalimu, wewe unaogelea?"

"Hapana."

"Mtoto anajua?"

"Hajui."

"Basi umemdanganya mara mbili."

Sikuwa na swali la kumuuliza. Mkiona nimekosa swali, jueni nimepatikana.

Yule mama alikwenda kuzungumza na wenzake. Akarudi na jibu: saa sita mchana wote wako kwenye dagaa wanageuza, hakuna anayeoga. Saa hiyo, Jumamosi na Jumapili, upande wao ni wangu na mtoto. Pale chini ni mchanga na maji yanaongezeka taratibu. "Mwanamume akikuhoji," alisema, "mwambie aje anihoji mimi."

Jumamosi ya kwanza nilikaa na binti yangu mchangani. Nikamwambia baba hajui kuogelea. Baba anaogopa. Na siku ile mikono haikuteleza, nilikuacha kwa makusudi.

"Kwa nini?" akauliza.

Lilikuwa swali lake la kwanza baada ya wiki mbili. Nikamjibu, "Nilidhani najua."

"Basi ingia wewe," akasema. "Mimi nakaa hapa."

Nikaingia na suruali yangu, nikakaa kwenye maji peke yangu, naye akiniangalia. Hilo ndilo lililokuwa somo zima. Jumapili alileta kikombe akanimwagia kichwani, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Wiki iliyofuata aliingia mpaka magotini. Baadaye akalala tena juu ya mikono yangu, na sikuiondoa hata ilipokufa ganzi. Mabinti wa yule mama walikuja kumcheka mwalimu aliyekaa majini na nguo. Binti yangu akawaeleza kwamba baba anaogopa, yeye anamfundisha.

Likizo ikafika, na mama mkwe akafika. Jioni aliongozana na mtoto upande wa wanawake. Mimi nikabaki kwenye mawe, siwezi kuona, nasikiliza tu. Nilisikia vicheko vingi, nikashindwa kujua kipi ni chake. Mama mkwe alirudi kitenge kimelowa. Hakukaa.

"Nimemwita atoke," alisema. "Ananiambia bibi subiri, tunacheza." Akakamua upindo wa kitenge. "Jumatatu nitarudi Kaengesa peke yangu."

Namshukuru yule mama wa dagaa. Nawashukuru wanawake wa Kirando walioniazima saa moja ya upande wao. Sisemi upweke umekwisha. Siku hizi jioni binti yangu anakimbilia kwa wenzake, na mimi nabaki kwenye mawe.

Nilichojifunza ni kidogo. Sisi tuliobaki na watoto tunajikaza mbele yao, tukidhani hawaoni. Wanaona, kisha wanaogopa peke yao. Mwambie mtoto unaogopa, halafu kaa naye.

Asanteni kwa kunisikiliza. Wiki hii nashuka tena Kirando kwa binti yangu. Jumamosi nitajaribu kuelea, na yeye ameahidi kunishika kichwa.