Kifua Kikuu Kilichopanda Kichwani

Ndugu zangu, Bwana asifiwe. Mimi ni Mama Neema, muuza chumvi na mafuta pale sokoni Misiera. Mnanikumbuka: mwaka jana msimu wa mahindi nilisimama hapa hapa na jogoo wa shukrani mkononi, nikasema mume wangu amepona. Leo nimekuja kuumalizia ushuhuda ule, maana ulikuwa nusu.

Baba Neema alianza na homa na kichwa, shingo ikakakamaa hata akashindwa kuinama kutazama sahani yake. Hospitalini Mbarara walimchoma sindano mgongoni, wakatoa maji, wakaona vijidudu vimeingia kwenye utando wa ubongo. Akachomwa dawa siku nyingi. Homa ikashuka, akaomba ugali. Tukarudi hapa kambini Nakivale tukiimba, nami nikamkamata jogoo.

Wiki mbili hazikupita, kichwa kikarudi. Akaniambia, "Mama Neema, usiambie batu ba kanisa. Batasema tulidanganya Mungu." Nikamkubalia. Ndugu zangu, haya ilinishinda kuliko hofu. Nilimfunika blanketi, na wageni wakija nasema amechoka na shamba. Mficha maradhi kifo humuumbua: methali hiyo nawafundisha watoto wangu, na bado nilificha.

Siku ya nne alinitazama usoni, akaniita kwa jina la dada yake. Ile haya yote ikanitoka. Nikakimbilia kwa mchungaji, nikamwambia kwa machozi kwamba jogoo nilimtoa mapema. Akasema, "Jogoo tulishakula, mama. Sasa tutafute motoka."

Mbarara wakatoa tena maji ya mgongo, wakayapima upya, wakampiga na picha ya kifua. Daktari, Mnyankole wa huko huko Mbarara, mtu mpole, akaniita pembeni. "Mama, ugonjwa ilikuwa mbili. Ile ya kwanza tulimaliza. Hii ingine ilikuwa najificha nyuma yake. Ni kifua kikuu, iko kwa kichwa."

Nikamwuliza kifua kimepandaje kichwani, na mtu mwenyewe hakohoi. Akacheka, kisha akanieleza polepole: vijidudu ni vile vile vya kifua kikuu, husafiri na damu mpaka kwenye ubongo. Dawa ni mwaka mzima, asiache hata akijiona mzima.

Wiki ya tatu ya dawa Baba Neema aliamka akili zimemrudia, akaniita kwa jina langu. Nilitoka nje ya wodi nikalia kwa furaha, na akina mama waliokuwa wakifua wakanipa pole, wakidhani nimefiwa.

Ndugu zangu, Mungu hakutudanganya. Aliponya ugonjwa mmoja, akatuachia njia ya kurudi kwa ajili ya wa pili, ni mimi niliyeifunga kwa haya. Wewe uliyeshukuru Jumapili na leo unaumwa tena, usijifiche. Rudi hospitali, na rudi kwa Bwana, hachoki kukusikia mara ya pili. Na kama kuna wa kukucheka, mlete kwangu Misiera.

Mwaka umetimia. Kidonge cha mwisho Baba Neema amekimeza leo asubuhi, nikimtazama. Safari hii nilingoja. Jogoo yuko pale mlangoni, amefungwa mguu.