Bi. Jenoveva Shemzigwa na Fungu la Vyoo

Bi. Jenoveva Shemzigwa, mchumi wa ofisi yetu ya maji hapa Lushoto, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Siku hiyo ndipo mwaka wa fedha unapofungwa, nasi tumekuwa tukimtania kwamba hata kustaafu kwake amekupangia bajeti.

Ni mzaliwa wa Mlalo. Aliripoti kazini akiwa binti mwembamba mwenye viatu vya visigino, na utelezi wa barabara ya Lukozi ukamvua viatu hivyo wiki ile ile. Tangu hapo mabuti ya mpira hayajatoka chini ya meza yake. Sisi tuliofanya naye kazi tuliogopa neno moja tu, "mengineyo". Ukiliandika kwenye makadirio, analizungushia kalamu nyekundu na kukuuliza kwa upole hayo mengineyo ni ya watu gani.

Ukali huo hakuutoa chuoni. Miaka yake ya mwanzo alipanga bajeti ya mradi wa maji katika kijiji kimoja upande wa Lukozi. Fedha zilipopunguzwa, fungu la vyoo vya shule likaondolewa ili mabomba yafike kila kitongoji. Naye aliunga mkono. Watu walikuwa wanalilia maji, na hakuna aliyewahi kuja ofisini kuomba choo. Maji yakafika, ngoma zikapigwa. Masika yaliyofuata kuhara kukazuka shuleni, ambako watoto walikuwa bado wanajisaidia vichakani. Nasra, binti wa Mzee Hamza, akafariki.

Mzee Hamza alikuwa miongoni mwa waliochimba mtaro wa bomba kwa kujitolea. Bi. Jenoveva alipokwenda msibani, mzee alimpokea vizuri na kumshukuru kwa kufika. Kisha akamwambia, bila kupandisha sauti, "Dada, maji yenu ni mazuri. Lakini mwanangu hakufa kwa kiu."

Jambo hilo ametusimulia mara moja tu, tukiwa safarini.

Miaka mingi baadaye ikaja zamu ya vijiji vya upande wa Mtae. Mradi ulikuwa wa kuteremsha maji kutoka chemchemi ya msituni, pamoja na vyoo na mahali pa kunawia mikono katika shule mbili. Bajeti ikiwa tayari, ukomo wa fedha tulizoruhusiwa kutumia ukashushwa. Kikaoni karibu wote tulisema vyoo visubiri. Bi. Jenoveva alikataa. Alipendekeza vyoo vijengwe, na bomba liishie kijiji cha chini; kitongoji cha juu kingoje mwaka unaofuata. Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe hoja yake ikapita, kwa shingo upande.

Mwenyekiti wa kikao alimshauri awapelekee watu wa kitongoji cha juu barua. Yeye akavaa mabuti yake, akapanda gari, akaenda kuwaambia mwenyewe. Nilikuwa naye. Wanawake wa kitongoji kile walikuwa wakishuka bondeni na ndoo tangu utoto wao, na walikuwa wameshaahidiwa. Aliwaeleza yote bila kuficha: fedha zimepungua, na aliyependekeza wasubiri ni yeye. Kelele zilikuwa nyingi. Alipomaliza, akamwendea Bibi Mwanaidi, mkubwa wa akina mama pale, akainama na kumwamkia shikamoo. Bibi akamtazama, asiitikie. Anayetoka milima hii anajua uzito wa jambo hilo. Bi. Jenoveva alibaki ameinama kidogo, kisha akawashukuru watu na kuondoka.

Mwaka uliofuata fedha zilichelewa. Hakuna ziara ya mkubwa yeyote wala kikao cha bajeti kilichopita bila yeye kukitaja kitongoji kile. Alipoitwa Dodoma kuchangia maoni kuhusu bajeti ya maji ya nchi nzima, alisimama akasema kwamba maji na choo viandikwe fungu moja, asiwepo wa kukitoa kimoja na kuacha kingine. Halafu akawasimulia habari za kitongoji cha juu.

Maji yalifika huko hatimaye. Bibi Mwanaidi hakuwahi kuyaonja. Alikuwa ametangulia mbele ya haki mwezi mmoja kabla. Siku ya kufungua bomba Bi. Jenoveva alikataa kukaa meza kuu. Alikwenda nyumbani kwa marehemu, akakaa mkekani na mkwe wa bibi huyo, na ndipo akalia. Mkwe akamletea maji ya kunawa, wakala pamoja.

Leo katika shule zile mbili watoto wananawa mikono kwa maji yanayotiririka. Ni nani kati yao angeugua, hakuna ajuaye, na hatutajua kamwe. Kazi aliyoifanya haionyeshi majina ya iliowaokoa, lakini majina ya waliongojeshwa aliyajua, akaenda kuwatazama usoni.

Mama Shemzigwa, asante kwa yote. Nenda Mlalo kwenye maharage yako na mapeasi yako, ukawe na afya, usingizi mzuri na wajukuu wa kukusumbua. Makadirio ya mwaka ujao tumekwisha kuyaandika, na vijiji viwili havimo. Jumatatu tunapanda kwenda kuwaambia wenyewe.