Moto Ubavuni mwa Thobias

Jirani yake Thobias alidai kwamba alimwona Mbuke, mjane wa marehemu kaka yake Thobias, akilinong'oneza shati la shemeji yake huku akilifua. Siku ya tatu ugonjwa wa mkanda wa jeshi ukamtoka Thobias ubavuni. Malengelenge yalikauka tangu mavuno ya pamba, lakini moto haujazimika.

Haya Thobias aliyasimulia mwenyewe juu ya lori la kwenda Masumbwe, shati amelivaa upande mmoja. Generosa, msichana asiyemjua yeyote humo, alikuwa amebanwa kati yake na mama mmoja.

"Nikishuka, moja kwa moja kwa mfumu anipigie ramli," Thobias alisema. "Akimtaja Mbuke, leo leo atahama na watoto wake."

"Mimi ulinitoka mwaka juzi, na mpaka leo silalii upande huu," akasema yule mama. "Mganga wa zahanati aliniambia ni mishipa ya fahamu iliyoungua. Ngozi imepona, mishipa bado."

"Mishipa haifui nguo, mama."

Yule mama akashika pindo la kanga ya Generosa, akaligusisha ubavuni kwa Thobias. Mtu mzima akaruka kama aliyemwagiwa uji wa moto.

"Haya! Na binti huyu amekuroga lini?"

Watu wote wakacheka, isipokuwa Generosa, kwa sababu Thobias alikuwa akimchunguza kwa macho ya kumshuku.

Lori likasimama Masumbwe.

"Baba," Generosa akasema, "usiende kwa mfumu. Mwache Mbuke na wanawe."

Thobias alikuwa ameshateremka. Akasimama vumbini, asielekee popote.